"Nimepokea, Asante": Namna ya Kupunguza Majibu ya Kundi Katika Barua Pepe za Ofisi

Tuseme ofisi yenu ina watu 41. Mkuu anawaandikia wengine 40: mkutano wa Alhamisi haufanyiki Mwala tena, umehamishiwa Masii, saa nne asubuhi. Watu 25 wanabonyeza kitufe cha kujibu wote na kuandika, "Nimepokea, asante." Kila jibu linawafikia watu 40. Barua moja imezaa nyingine 1,000, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyoleta neno jipya. Kisha anaingia mhasibu: kila mtu aje na stakabadhi za usafiri za mwezi uliopita, asiyekuja nazo hatalipwa. Hiyo ndiyo iliyohitaji kusomwa, nayo imefukiwa katikati ya asante. Mwenzako wa Muthetheni ataifungua akiwa tayari ndani ya matatu, stakabadhi zikiwa nyumbani.

Mwongozo huu umeandikiwa mtu wa ofisi za kawaida kama zilizopo Masii na vitongoji vyake: shule, zahanati, sacco, ofisi ya wadi, shirika dogo la maendeleo. Ni ofisi ambazo watu wengi husoma barua pepe za kazi kwenye simu zao wenyewe, kwa bando walilojinunulia. Hauhitaji fundi wa kompyuta. Kazi kubwa iko kwa yule anayetuma barua ya kwanza, kwa hiyo tutakaa naye muda mrefu kuliko wengine.

Kwa nini tunajibu wote

Lawama ya kwanza huenda kwa kitufe. Ni kweli, kwenye simu kitufe cha kumjibu mtu mmoja na kile cha kuwajibu wote viko karibu, na kidole hakina macho. Lakini kitufe hakielezi kwa nini watu wazima 25 wanaona haja ya kuandika maneno mawili yasiyo na habari.

Hapa kwetu sababu kubwa ni woga uliovaa heshima. Mkubwa ameandika, ukinyamaza, atakuchukuliaje? Mwenzako wa dawati la pili ameshajibu, jina lake limeonekana, lako bado. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na hakuna karani anayetaka mkuu wake aanze kuutafuta mshindo huo. Kwa hiyo asante ya kwanza inaivuta ya pili, ya pili inaivuta ya tatu, na anayekuja mwisho anaandika ndefu zaidi ili kufidia kuchelewa kwake.

Ndiyo maana kuwakemea wanaojibu hakusaidii. Wanafanya kile wanachoamini ni adabu. Anayeweza kuwafungua ni yule aliyeandika barua ya kwanza, kwa kuwaambia waziwazi kwamba kunyamaza kunaruhusiwa. Chifu akitoa tangazo kwenye baraza, hasubiri kila mwananchi asimame mmoja mmoja aseme, "Chifu, nimesikia."

Wala usidhani ni ushamba wa ofisi za mashambani. Mwaka 1997, ndani ya kampuni ya Microsoft yenyewe, mfanyakazi mmoja aligundua kwamba jina lake liko kwenye orodha iitwayo Bedlam DL3, iliyokuwa na watu takriban 13,000. Akaiandikia orodha nzima akiomba aondolewe. Wengine wakajibu wote: na mimi pia. Wengine wakajibu wote wakiwaomba wenzao waache kujibu wote. Jumbe takriban milioni 15 zilipita kwa muda wa kama saa moja na mitambo ya barua ikalemewa. Baadaye wafanyakazi walishonewa fulana za kujisifu kwamba walinusurika. Novemba 2016 ikawa zamu ya huduma ya afya ya umma ya Uingereza: barua ya majaribio iliwaendea watu wapatao 840,000, majibu ya kundi yakaanza, na kwa dakika 75 mfumo ukabeba barua takriban milioni 500. Hawa walikuwa watu wenye idara nzima za teknolojia.

Gharama ya majibu ya kundi kwetu ni ya namna nyingine. Nembo ya ofisi iliyobandikwa chini ya jina lako inaweza kuwa na uzito wa kilobaiti 200. Asante 25 zenye nembo hiyo ni megabaiti 5 kwa kila simu, hewa tupu. Muda nao unakwenda: kila mlio unamtoa mtu kwenye rejista, kwenye dirisha la wagonjwa, kwenye daftari la mikopo. Na liko jambo zito kuliko hayo mawili, la siri za watu kuvuja. Tutalifikia.

Wewe ndiye unayetuma: hatua sita

1. *Jiulize nani atafanya jambo fulani baada ya kusoma.* Hao ndio wa kuwekwa mstari wa kwanza, wa "To". Wanaohitaji kujua tu wakae kwenye "Cc". Anayekosekana katika makundi yote mawili asiwekwe, hata kama mlikuwa mkimweka siku zote. Zamani nakala ilihitaji karatasi ya kaboni na mkono mzito wa mpiga chapa, kwa hiyo mtu alifikiri kabla ya kuongeza jina. Leo nakala ya 40 ni bure kwa mtumaji, na wanaoilipia ni wapokeaji.

2. *Sema kwenye kichwa cha barua unataka nini.* Maneno matatu yanatosha ofisi nyingi: TAARIFA, HATUA, UAMUZI. "TAARIFA: Mkutano wa Alhamisi umehamishiwa Masii, usijibu." "HATUA: Leta orodha ya vitabu kabla ya Ijumaa." Mtu anaona kazi yake kabla hajaifungua barua.

3. *Maagizo ya kujibu yawe sentensi ya kwanza.* Ukiyaweka mwisho, anayesoma kwenye simu atakuwa ameshajibu kabla hajashuka kuyaona. Andika: "Hakuna haja ya kujibu, nitachukua kwamba umeipata." Au: "Ukiwa na swali, nijibu mimi peke yangu." Au: "Mjibu Katibu pekee, si kundi."

4. *Eleza kimya kina maana gani, na hadi lini.* "Nisiposikia kutoka kwako hadi Jumatano saa kumi jioni, nitajua tarehe hii inakufaa." Hii ndiyo hatua inayoondoa ule woga tuliousema. Lakini ina mpaka. Usiitumie kwa mambo ya fedha, likizo, nidhamu au kitu chochote kinachohitaji saini. Stima ikipotea tangu Jumatatu, au mtandao ukagoma, kimya cha mtu si kibali, ni simu iliyozimika. Hapo mpigie.

5. *Wapokeaji wakiwa wengi na ni taarifa tu, tumia "Bcc".* Weka anwani yako kwenye "To" na za wengine wote kwenye "Bcc". Hata mtu akibonyeza kujibu wote, jibu litakufikia wewe peke yako. Faida ya pili: anwani za wazazi au wanachama hazionyeshwi kwa watu wasiowajua.

6. *Ukihitaji jibu la kila mmoja, usiliombe kwa barua ya kundi.* Swali la "nani atakuja?" likiulizwa watu 40 kwa barua pepe linaomba gharika. Tengeneza fomu fupi ya Google Forms na uweke kiungo chake, au karatasi ya hesabu ya pamoja ambamo kila mtu anajaza mstari wake. Kama hayo ni mageni ofisini kwenu, waombe wakuu wa idara wakusanye majina na kila mmoja akuletee orodha yake. Idara sita, majibu sita.

Tahadhari kuhusu "Bcc": usiitumie kumficha mkubwa asikilize mazungumzo yako na mwenzako. Aliyefichwa akisahau akabonyeza kujibu wote, jibu lake litamfikia mwenzako huyo uliyekuwa ukimfichia, na barua hiyo hakuna atakayeweza kuirudisha.

> KISANDUKU: Barua ileile, namna mbili
>
> *Inayoita majibu:*
> Kichwa: Mkutano
> "Habari zenu wote. Natumaini hamjambo na kazi zinaendelea vyema. Napenda kuwafahamisha kwamba kuna mabadiliko kuhusu mkutano wetu. Tutakutana Masii. Tafadhali thibitisheni."
>
> *Inayojitosheleza:*
> Kichwa: TAARIFA: Mkutano wa Alhamisi ni Masii, saa 4 asubuhi (usijibu)
> "Hamjambo wote. Hakuna haja ya kujibu barua hii. Mkutano wa Alhamisi umetolewa Mwala, utafanyika Masii, saa nne asubuhi. Njooni na stakabadhi za usafiri za mwezi uliopita. Asiyeweza kufika anipigie mimi kabla ya Jumatano saa kumi jioni."

Tazama neno "thibitisheni" katika barua ya kwanza. Mwandishi ndiye aliyeomba majibu 40, kisha kesho atalalamika kwamba simu yake haipumui. Na kwa kuwa hakutaja saa, yatakuja mengine ya kuuliza saa ngapi, na kila anayejua atajibu wote.

Wewe ndiye unayejibu

Kabla kidole hakijashuka, pitia orodha hii:

☐ Je, jibu langu lina habari ambayo *kila mmoja* kwenye orodha anaihitaji? Kama jibu ni hapana, mjibu mtumaji peke yake.
☐ Je, mtumaji ameomba jibu? Kama hakuomba, unaweza kunyamaza.
☐ Je, kuna jina la mgonjwa, mwanafunzi, mwanachama au mfanyakazi, au kiasi cha fedha cha mtu? Kama lipo, barua hiyo si ya kundi.
☐ Je, nimekasirika? Hifadhi kama rasimu, kanywe chai, urudi.
☐ Je, anwani hii ya ofisi inafunguliwa na watu wengine pia? Angalia kwanza kama mwenzako hajajibu kwa niaba yenu.

Yapo majibu yanayostahili kwenda kwa wote, na usiyaogope. Ukiona kosa litakalowapoteza watu, kwa mfano tarehe na siku haviendani, sahihisha mbele ya wote, mara moja, kwa mstari mmoja. Vilevile swali ambalo kila mtu analo likishajibiwa, jibu liende kwa wote. Ila aliyeuliza amuulize mtumaji peke yake, na mtumaji ndiye awajibu wote. Njia hiyo inageuza maswali kumi kuwa barua moja.

Kama bado moyo unakusuta kwa kunyamazia mkubwa, andika asante yako kwake yeye peke yake. Ataiona vizuri zaidi ikiwa haikubanwa na nyingine 24.

Rambirambi na pongezi

Hapa ndipo sheria zote huvunjika, na kwa sababu nzuri. Mwenzenu amefiwa na mzazi. Nani atathubutu kusema msijibu wote? Mimi naona msiba usiwekewe sheria kali. Lakini ipo njia yenye utu zaidi kuliko "Pole sana" 40 zinazogonga simu za kila mtu, pamoja na ya mfiwa mwenyewe: anayetangaza aweke jina la mtu mmoja wa kuratibu michango na usafiri, ataje siku na mahali pa mazishi, na aandike, "Pole zenu mtumieni mwenyewe moja kwa moja." Mfiwa atasoma maneno aliyoandikiwa yeye. Pongezi za kupandishwa cheo, kufunga ndoa au kupata mtoto zifuate njia hiyohiyo. Keki ya ofisini inafanya kazi nzuri kuliko barua zote hizo.

Vitufe vya kurekebisha mara moja

*Gmail kwenye kompyuta:*

1. Bonyeza alama ya gurudumu la meno juu kulia, kisha "See all settings".
2. Kwenye "Default reply behavior" chagua "Reply", si "Reply all". Kuanzia hapo kuwajibu wote kutahitaji uamuzi.
3. Kwenye "Undo Send" chagua sekunde 30. Kawaida yake ni sekunde 5, na mtu hutambua kosa lake sekunde ya sita.
4. Shuka hadi chini kabisa ubonyeze "Save Changes". Wengi huishia hatua ya tatu, wakafunga ukurasa, wakadhani imekubali.

*Gmail kwenye simu ya Android:* fungua mistari mitatu juu kushoto, ingia "Settings", kisha "General settings", na kwenye "Default reply action" uchague "Reply".

*Kunyamazisha mazungumzo:* kwenye Gmail fungua barua, bonyeza vitone vitatu, chagua "Mute". Majibu ya kundi yatakayofuata hayataingia kikashani, lakini ukiyatafuta utayapata. Kwenye Outlook kuna "Ignore", na hapo uwe mwangalifu: inayatupa mazungumzo yote kwenye pipa la taka, na yatakayokuja pia. Usiitumie kwa barua ambayo mhasibu huenda akaongeza jambo.

*Kama ofisi yenu ina anwani ya kundi ya Google Groups:* anayeisimamia aingie kwenye mipangilio ya kundi na kuweka kwamba wasimamizi pekee ndio wanaoweza kutuma. Hii peke yake inatosha kumaliza tatizo kwenye kundi la matangazo. Wanaotumia huduma ya barua ya Microsoft wamewekewa kinga tangu 2020, ila ilitengenezwa kwa ajili ya orodha za maelfu ya watu. Ofisi ya watu 40 haitaiona ikifanya kazi.

Kuhamia WhatsApp si dawa. Asante zitahama nanyi, zikiwa na picha za maua. Mkihamia, mweke kundi la matangazo ambamo wasimamizi pekee wanaandika, na la pili la mazungumzo kwa wanaopenda.

Gharika ikiwa imeshaanza

1. Usijibu wote kuwaambia watu waache kujibu wote. Kosa hili ndilo lililoikuza Bedlam.
2. Kama si wewe uliyetuma barua ya kwanza, nyamazisha mazungumzo na uendelee na kazi.
3. Kama ni wewe, tuma barua moja *mpya*, si jibu, watu wote wakiwa kwenye "Bcc": "Nimewapata wote. Tafadhali msijibu zaidi. Habari muhimu ni hizi:" kisha urudie mambo mawili matatu ya lazima, yakiwemo yale ya mhasibu yaliyofukiwa.
4. Anayeendelea baada ya hapo, mpigie simu kwa upole. Usimtaje jina mbele ya kundi.

Siri ya mtu ikitumwa kwa wote

Muuguzi anajibu kuhusu mgonjwa akidhani anamwandikia daktari mmoja. Karani anatuma orodha ya wadaiwa wa sacco kwa wanachama wote. Hapa tumetoka kwenye kero na kuingia kwenye sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya ya mtu, na hata za familia yake, katika kundi la data nyeti.

Fanya hivi:

1. Mwambie mkuu wako papo hapo. Usifute barua kwenye kompyuta yako ukadhani imefutika kwa wengine. Amri ya Outlook ya kuirudisha barua haifiki nje ya ofisi yenu. Aliyeipokea kwenye Gmail amebaki nayo.
2. Waandikie waliopokea, kwa "Bcc", uwaombe waifute na wasiisambaze. Usiiambatanishe tena barua yenyewe. Inachekesha, lakini watu hufanya hivyo.
3. Andika kumbukumbu: saa ngapi, nani walipokea, habari gani zilivuja.
4. Kama kuna hatari ya kweli kwa mhusika, sheria inaitaka taasisi imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipogundua, na mhusika mwenyewe pia aarifiwe kwa maandishi. Uamuzi huo ni wa taasisi, si wako peke yako, na saa hizo zinaanza kuhesabiwa hata kama ni Ijumaa jioni.

Namna ya kulifikisha jambo hili kwa mkubwa

Mara nyingi anayeanzisha gharika ni mkuu mwenyewe, na huwezi kumtumia mwongozo huu kwa barua pepe akiwa na nakala ya watu 40. Mwendee ana kwa ana, wakati hana haraka. Usianze na makosa, anza na faida yake: "Madam, nilikuwa nafikiri juu ya zile taarifa za mkutano. Nikiziandikia kichwa cha TAARIFA na mstari wa kwanza wa kusema watu wasijibu, simu yako haitajaa, na atakayekuwa na shida ya kweli utamwona haraka. Naomba nijaribu na barua ya wiki hii." Omba kujaribu barua moja tu. Ikifaulu, yeye mwenyewe ataagiza ziwe zote hivyo, na pengine atasema lilikuwa wazo lake. Mwachie.

Tarajia swali moja: "Nitajuaje kwamba wameipata?" Uwe na jibu. Kwa taarifa ya kawaida, wakuu wa idara wanatosha kuthibitisha. Kwa waraka ambao lazima kila mtu aujue, chapisha nakala moja, ibandike kwenye ubao wa matangazo, na karatasi ya kusaini kando yake. Saini ni ushahidi bora kuliko "noted" iliyoandikwa na mtu ambaye hakufungua kiambatisho.

> YA KUBANDIKA UKUTANI
>
> Barua za kundi katika ofisi hii
>
> 1. Kila barua ya kundi ianze na TAARIFA, HATUA au UAMUZI.
> 2. TAARIFA haijibiwi. Kunyamaza si utovu wa adabu.
> 3. HATUA hujibiwa kwa aliyetajwa peke yake.
> 4. Maswali yaende kwa mtumaji. Mtumaji awajibu wote mara moja.
> 5. Majina ya wagonjwa, wanafunzi na wanachama hayatumwi kwa kundi.
> 6. La dharura ni la kupiga simu.
>
> Imekubaliwa tarehe: ________ Itapitiwa upya tarehe: ________
> Saini ya mkuu wa ofisi: ________